Kabla ya kushuka Ngomo, tazama plaketi za freni



Kazini unavaa kofia ngumu, na hakuna anayeingia shimoni kabla mwamba wa juu haujagongwa na sauti yake kusikilizwa. Lakini mwisho wa mwezi unapakia mama na watoto ndani ya motokari ya okasio, unashika njia ya Uvira, na hujatazama freni tangu mwaka jana. Namna gani hiyo?

Fikiri njia yenyewe. Maji ya Ziwa Kivu yako karibu mita 1,460 juu ya bahari. Maji ya Tanganyika, karibu 770. Sehemu kubwa ya mteremko huo iko Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, kona juu ya kona. Ukishuka, uzito wote wa gari, watu na magunia unageuka kuwa moto, na moto huo unaishia kwenye plaketi na disiki za magurudumu ya mbele. Plaketi mbaya ikipata moto mwingi huteleza: unakanyaga pedali, iko ngumu chini ya mguu, gari linaendelea.

Utajuaje kwamba zimekwisha? Plaketi mpya ya gari dogo huwa na nyama ya milimita 10 hivi. Ikifika 3, badilisha. Usingoje chuma kigusane na chuma. Plaketi nyingi zina kiulimi cha chuma kinacholia zikikaribia kwisha. Shofere wengi husikia mlio huo na kuongeza sauti ya redio!

Sasa, kununua. Usiende dukani na jina la gari peke yake, maana Corolla ya mwaka mmoja si Corolla ya mwaka mwingine. Chukua namba ya shasi na plaketi ya zamani mkononi. Weka mpya juu ya ya zamani: umbo, matundu na masikio ya pembeni yalingane sawasawa. Ukiambiwa «tutaisugua kidogo, itaingia», rudisha feza yako mfukoni.

Halafu geuza plaketi, soma mgongoni au ukingoni. Nyingi zina herufi mbili mwishoni mwa namba. Ya kwanza inaonyesha nguvu ya kushika plaketi ikiwa baridi, ya pili ikiwa na moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, G hupita hapo. FF inashika karibu sawasawa baridi na moto. FE inalegea pale hasa unapoihitaji, katikati ya mteremko. Ukiona pia E ndani ya duara pamoja na 90R, hiyo ni alama ya plaketi zilizopimwa kwa sheria inayotumika Ulaya. Waongo wanaweza kuichapa nao, kwa hiyo tazama na kazi yenyewe: nyama imeshika bamba la chuma bila mwanya? Ukingo haumomonyoki kwa ukucha? Namba iko kwenye plaketi, au kwenye boksi tu?

Kwa mtu anayepanda na kushuka milima na mzigo, sisi tunapendelea plaketi zilizochanganywa na unga wa chuma. Zina kelele na hula disiki haraka, lakini huvumilia moto. Zile laini za bei ndogo zinafaa kwa anayezunguka Kavimvira na Kalundu tu. Na nunua za magurudumu mawili ya mbele pamoja. Kubadilisha upande mmoja kunavuta gari pembeni.

Kuna jambo la afya ambalo wanagaraji hawapendi kusikia. Vumbi la freni za zamani laweza kuwa na amianti. Umoja wa Ulaya uliikataza kabisa tangu 2005, lakini si nchi zote zimefanya hivyo, na kwa macho huwezi kuitambua. Inaleta kansa ya mapafu, na ugonjwa huonekana baada ya miaka 20, hata 40. Wewe unayejua vumbi la jiwe linavyofanya kifua, usikubali mekanisiye apulize freni kwa kompresa watoto wakisimama karibu. Alowanishe kwa maji, apanguse kwa kitambaa, kitambaa kitupwe. Nguo za garaji zisifuliwe pamoja na nguo za mtoto.

Njia yetu imefungwa na vita mara nyingi, na magari hukaa miezi bila kutembea. Maji ya Mulongwe katika Aprili 2020, na ziwa lililopanda miaka ile, yaliingia hata kwenye magurudumu. Gari la namna hiyo, kwanza tazama kutu ya disiki na badilisha mafuta ya freni. Mafuta hayo hunywa maji ya hewani: DOT 4 mpya huchemka kwa digrii 230 au zaidi, lakini yakishanywa maji yaweza kuchemka kwa 155. Yakichemka, pedali inazama mpaka chini.

Plaketi mpya hazishiki vizuri siku ya kwanza. Zizoeshe kwenye tambarare ya Ruzizi, upande wa Kiliba, pasipo watu: fika kilomita 50 kwa saa, kanyaga polepole mpaka 10, achia, endesha kidogo zipoe, rudia mara kumi na tano hivi. Ngomo uishuke baadaye, kwa vitesi ya pili.