Kenya: Kulipa mkopo wa nyumba kabla ya muda

Mkenya anayenunua nyumba kwa mkopo wa benki huweza kubaki mdaiwa kwa miaka 20 au zaidi. Wapo wanaojibana ili wautue mzigo huo mapema: gari huachwa nyumbani wakapanda matatu, na chakula cha mchana hubebwa kutoka jikoni.

Faida yake si ndogo. Chukua mkopo wa shilingi milioni 4 za Kenya, kwa riba ya asilimia 13 na muda wa miaka 20. Rejesho la kila mwezi ni takriban shilingi 46,900. Mwezi wa kwanza, zaidi ya 43,300 humezwa na riba. Deni lenyewe hupungua kwa shilingi 3,500 hivi. Mdaiwa akiongeza 5,000 kila mwezi tangu mwanzo, na riba isipobadilika, hulimaliza deni kwa miaka 14 na kuepuka riba ya takriban shilingi milioni 2.5.

Benki, hata hivyo, iagizwe kwa maandishi kwamba nyongeza hiyo ipunguze deni la msingi, isihesabiwe kuwa rejesho la mwezi ujao. Mkataba nao usomwe, kwani huenda una ada kwa anayelipa kabla ya muda.

Wala si busara kupeleka kila senti benki. Nyumba ndiyo dhamana. Anayepoteza kazi bila akiba bado hudaiwa rejesho la mwezi huo, hata kama amekuwa akilipa ziada kwa miaka, na malimbikizo yaweza kuifikisha nyumba mnadani.