Soja ya kijani: tukule kidogo nyumbani mbele ya kuuza



Kila musimu tunaona jambo moja huku Kivu ya Kusini. Soja inavunwa, inapigwa, inaingia kwenye magunia, na mnunuzi anaipeleka yote. Feza inalipa deni na masomo ya watoto, ni kweli. Lakini nyumbani watoto wanabaki na bugali na majani, na bwaki inaingia katika nyumba ya mutu aliyelima chakula chenye kuikinga. Hatusemi muache kuuza. Tunasema: kata mistari michache ingali ya kijani, upikie jamaa.

Soja ya namna hii Wajapani wanaiita edamame, maana yake maharagi ya kwenye tawi. Kwao ni chakula cha kila siku. Sisi tumezoea uji wa masoso na maziwa ya soja, lakini vyote vinangoja mavuno makavu. Ile ya kijani inafika mbele, wakati ghala iko tupu.

Wakati wa kukata

Kamata ganda kwa vidole. Kama punje zimejaa na zinagusana, na ganda lingali kijani, ni wakati wake. Siku zake ni chache. Ganda likianza kuwa la njano, liache likauke. Kata shina kwa kisu karibu na udongo, usiling'oe, ili mizizi ioze na kulisha shamba. Pika siku ile ile, juu utamu wake unapotea upesi.

Namna ya kupika

1. Tenga maganda nusu kilo. Yaoshe, yasugue na chumvi kidogo ili manyoya yatoke.
2. Chemsha maji litre 2 pamoja na vijiko 2 vikubwa vya chumvi.
3. Maji yakitokota, tia maganda. Soja yetu ya nafaka ni ngumu kuliko ile ya Wajapani, basi iache dakika 10 mpaka 15.
4. Onja punje moja. Ikiwa laini na haina harufu ya ubichi, imeiva.
5. Mwaga maji, acha ipoe, kamua ganda, punje zinatoka zenyewe. Ganda halikuliwi, litupe kwenye mbolea.

Usikule soja isiyopikwa. Ndani yake kuna kitu kinachozuia tumbo kutumia protini, na moto ndio unakivunja.

Ukitaka kuitia kwenye sombe, chemsha maganda dakika 5 tu, toa punje, kisha zitie wakati sombe inabakisha dakika 20 motoni. Siku hakuna sambaza wala nyama, sahani haitabaki maskini: gramu 100 za punje zilizopikwa zina protini karibu gramu 11. Bugali ya muhogo peke yake karibu haina kitu.

Kwa watoto

Mtoto mbele ya miezi 6 anyonye tu. Baada ya hapo, chemsha punje bila chumvi, uziponde kabisa uchanganye na uji. Usimpe mtoto mdogo punje nzima, inaweza kumkaba. Anza na kidogo. Akivimba mdomo au akitoka vipele, mupeleke kituo cha afya.

Na mavuno ya kuuza?

Hili ndilo swali la wengi kwenye mikutano, na ni swali la haki. Tuhesabu pamoja. Mwenye mistari 60 akikata 4, anabakiwa na 56 za kukausha. Amepunguza sehemu moja kwa kumi na tano. Kama koperative imekwisha kuahidi kilo kwa mnunuzi, hesabu mbele ya kukata. Na usiguse kamwe sehemu ya mbegu: mbegu ya soja inapoteza nguvu ya kuota upesi, ya mwaka jana haitakuokoa.

Njia nzuri ni kupanga tangu kupanda. Weka mistari ya kula pembeni, uipande kwa zamu, kila baada ya siku 7 au 10. Hivi jamaa itakula kwa majuma kadhaa, na gunia la soko litabaki salama.

Mkutano ujao, mama mmoja alete sufuria, wengine walete maganda. Pikeni pamoja, muonje, kisha kila mutu aamue mistari yake.

Kazi njema na mavuno mema!