Mtafiti wa fani nyingi hupimwaje?

Tangu enzi za UVIKO-19 wasomaji hawaachi kuniuliza: huyu anayezungumzia virusi leo na uchumi kesho, tutajuaje kama kweli anafanya kazi huku na huku? Swali hilo ni la haki, na wapo wataalamu ambao kazi yao ni kulipima jambo hilohilo.

Kwanza tuondoe dhana mbili ninazozisikia kila mara. Wingi wa shahada si kipimo, kwani cheti hueleza ulichosoma zamani, si unachofanya sasa. Kuandika makala na wenzako ishirini wa idara tofauti si kipimo pia. Daktari anaweza kutibu na mtakwimu akahesabu, kila mmoja asielewe alichofanya mwenzake. Hiyo ni timu ya fani nyingi. Mtafiti mmojammoja ni habari nyingine.

Njia makini zaidi huangalia marejeo. Mwaka 2007 Alan Porter na wenzake nchini Marekani walipendekeza mtafiti apimwe kwa machapisho anayoyarejelea. Majarida yamekwisha kupangwa kwa fani, hivyo orodha ya marejeo huonyesha maarifa yake anayachota wapi. Mwaka huohuo Andy Stirling wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, alieleza kwamba uanuwai una pande tatu: idadi ya fani, uwiano wake, na umbali baina yake. Huo umbali ndio kiini, na ndio unaosahauliwa.

Chukua mfano wa kubuni. Mtafiti wa kwanza, nusu ya marejeo yake ni ya vimelea na nusu ya magonjwa ya kitropiki. Wa pili, nusu vimelea, nusu uchumi. Ukihesabu fani tu, wamelingana. Sasa ingiza umbali, kuanzia 0 hadi 1, unaopatikana kwa kutazama fani mbili hurejelewa pamoja mara nyingi kiasi gani. Tuseme vimelea na magonjwa ya kitropiki ni 0.1, vimelea na uchumi 0.9. Zidisha sehemu ya fani moja kwa sehemu ya nyingine, kisha kwa umbali, kisha kwa mbili, maana kila jozi husomwa kutoka pande zote. Wa kwanza anapata 0.05. Wa pili anapata 0.45, mara tisa! Na kama uchumi ungekuwa asilimia 10 tu ya marejeo yake, angeshuka hadi 0.162. Hesabu moja imenasa pande zote tatu. Mzizi wake ni kazi ya mwanatakwimu wa India, C. R. Rao, ya mwaka 1982, na wanaikolojia huitumia hadi leo kupima anuwai ya viumbe.

Kasoro zipo. Fani hupewa jarida zima, si makala moja moja. Mwenye machapisho machache hupata namba inayoyumba. Na majarida mengi ya Afrika hayamo kwenye kanzidata kubwa, kwa hiyo kazi za watu wetu huonekana nusu nusu.

Wala alama kubwa si ushahidi wa ubora, kama ambavyo alama ndogo si aibu. Ila kuvuka mipaka kuna gharama: mwaka 2016 Lindell Bromham na wenzake walichambua maombi zaidi ya 18,000 ya fedha za utafiti nchini Australia, wakakuta kwamba kadiri ombi lilivyochanganya fani zilizo mbali, ndivyo uwezekano wa kufadhiliwa ulivyopungua. Wanaotoa fedha hapa kwetu walisome hilo.

Nawe msomaji, anayejitangaza redioni kuwa bingwa wa figo, uzazi na nyota kwa pamoja, muulize amechapisha wapi na wataalamu gani wameipitia kazi yake. Asipokuonyesha, usinunue dawa yake. Nenda hospitali.