Mwanafunzi Aendapo Kuchimbua Mambo ya Kale

Mwanafunzi aendaye kuchimbua mabaki ya kale kwa mara ya kwanza hudhani kwamba kazi yake ni kutafuta vitu. Sivyo. Kazi yake hasa ni kuandika kila kitu kilikuwa mahali gani kabla hakijaondolewa.

Twaeni mfano wa Gedi, karibu na Malindi, mji wa mawe ambao Bwana James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948. Humo limo kaburi lililochorwa mwaka wake, 802 wa Hijra, yaani 1399. Lakini majumba hayakuandikwa miaka. Kigae cha chombo cha China kikionekana chini ya sakafu ambayo haijavunjwa, twajua kwamba sakafu hiyo haikutangulia chombo hicho. Kigae kile kile, kikiwa mfukoni mwa mwanafunzi mwenye pupa, hakisemi neno.

Basi uonapo kitu, usikivute. Kwangua udongo polepole kwa mwiko mdogo, tabaka baada ya tabaka, ukiangalia rangi inapobadilika. Pima kina, andika daftarini, kisha kitie katika mfuko wenye alama ya tabaka lake. Udongo uliotolewa upepetwe katika chekeche, maana shanga nyingine ni ndogo kama punje za mtama.

Chukua kofia, maji, na penseli. Wino huenea mvua inyeshapo. Usikanyage ukingo wa shimo, kwa kuwa ukibomoka tabaka huchanganyika, tena aliye ndani aweza kuumia. Na ukikosea, mwambie msimamizi siku ile ile, hata kama waona haya, ili kosa nalo liandikwe.