Msamaha wa Kodi kwa Magari ya IT ni wa Safari, si wa Gari

Magari yanayopitia Bandari ya Dar es Salaam kwenda nchi jirani kama Zambia na Malawi, maarufu kama magari ya IT, hayatozwi ushuru wa forodha wala Kodi ya Ongezeko la Thamani nchini Tanzania. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatoa nafuu hiyo kwa kuwa gari halitatumika hapa nchini, bali katika nchi linakokwenda.

Ili kulinda mapato ya Serikali, huwekwa dhamana ya kodi husika, na gari hutakiwa kutoka nchini ndani ya siku 30. Dhamana hufutwa baada ya Forodha kuthibitisha mpakani, kama vile Tunduma au Kasumulu, kuwa gari limevuka.

Hivyo, mwananchi anayeuziwa gari la IT kwa bei nafuu hununua gari lisilolipiwa kodi, ambalo linaweza kutaifishwa, naye akapoteza gari na fedha zake. Kabla ya kulipa, ni vyema kuhakiki usajili wa gari katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania iliyo karibu.