Kusuka si kufuma: lebo niliyoikosea Diani

Majuzi niliombwa kazi ndogo. Waandalizi wa maonyesho ya kazi za mikono huko Diani walinitumia orodha ya vitu kwa Kiingereza, wakataka niitie katika Kiswahili ili kila kitu kibandikwe lebo ya lugha mbili. Vitu vyenyewe havikuwa vigeni kwa mtu anayeijua pwani ya kusini: mikeka, majamvi, misala, vikapu, vipepeo, kofia, shanga za kila rangi, na mifarishi michache ya wageni waliohamia huko. (Mfarishi, kwa msomaji ambaye hajakutana na neno hili, ni lile shuka nene la kitandani lililoshonwa tabaka mbili na kutiwa pamba katikati. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kutandika. Wanafunzi wangu husema "blanketi la viraka", nami huwasahihisha kwa madaha.) Nilikaa nusu saa hivi, nikamaliza. Nimefundisha lugha hii zaidi ya miaka 30. Orodha ya vikapu ingenishinda vipi?

Siku ya maonyesho nikapita mezani kwa akina mama waliotoka upande wa Msambweni. Bi mkubwa mmoja alikuwa ameishika lebo yangu kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota kitu ambacho hakijui. Alimwamuru mjukuu wake amsomee. Kijana akasoma: "Kikapu cha kufumwa kwa miyaa."

"Nani kaandika haya?"

Nikakiri ni mimi.

"Mwanangu," akasema, wala hakukasirika, "huku hatufumi. Kufuma ni kwa uzi. Miyaa yasukwa. Na wazee wetu walisema kuluka."

Nilidhani yamekwisha. Kumbe chini ya lebo palikuwa na mstari mwingine, "Msanii", na mbele yake jina moja tu la mwanamke. Akaufuata kwa kidole. "Na hawa wengine je?"

Basi makala ya leo ni ya kulipa deni. Nianze na kosa la kwanza, ambalo ni la msamiati, kisha nije kwa la pili, ambalo naona ni zito zaidi.

Kufuma kunataka nyuzi za aina mbili zinazokutana. Zipo zilizotandwa kwa urefu, ziitwazo mtande, na zipo zinazopitishwa kwa upana, ziitwazo mshindio. Ndivyo vitambaa vilivyofumwa katika miji ya Waswahili tangu kale. Hariri ya Pate ilitajwa na Wareno. Siku hizi neno limepanuka. Twasema mtu anafuma sweta, au anafuma vile vitambaa vya kuwekea juu ya viti sebuleni, ingawa hapo hakuna mtande wala mshindio, kuna sindano na uzi tu. Lakini uzi ungalipo. Bi mkubwa alikuwa sahihi: uzi ndio mpaka.

Neno hili lina historia ya kuvutia, na naomba msomaji anivumilie kidogo. Katika Kikuyu, kushona au kutengeneza kiondo ni gũtuma, nako kumtuma mtu ni gũtũma. Maneno mawili, irabu mbili tofauti. Kiswahili kilizipoteza irabu hizo mbili zikawa u moja. Lakini kabla ya kupotea, ile u ya juu zaidi iliigeuza t iliyokuwa mbele yake ikawa f. Ndiyo maana sisi twasema kutuma barua na kufuma kitambaa, ilhali Mkikuyu ana t pande zote mbili na anatofautisha kwa irabu. Jambo hilohilo limetokea kwa vyuma: mhunzi kwa Kikuyu ni mũturi, naye kwetu ni mfua chuma. Mfua fedha na mfua dhahabu wamo katika ukoo huo. Sonara, ambaye ndiye tunayemtaja zaidi mijini, ametujia kutoka lugha za Bara Hindi, ambako sona ni dhahabu. Kwa hivyo fuma na fua, kitambaa na bangili, yamepita njia moja ya sauti. Mabadiliko haya si ajali ya mdomo wa mtu mmoja, yana kanuni.

Turudi kwa miyaa. Hii hutokana na mkoma, ule mti wa jamii ya mnazi wenye majani ya kipepeo unaoota wenyewe kutoka Ukunda hadi Vanga. Majani hukatwa yakiwa machanga, kabla hayajakunjuka. Huanikwa juani mpaka yakaanza kuwa meupe. Kisha huchanwa, na vile vipande vyembamba vikaitwa chane. Baadhi hutiwa rangi katika maji yanayochemka. Ndipo msukaji anapokaa chini, akaanza kupishanisha chane juu na chini, kimshazari, bila kitanda cha mfumi, bila chombo chochote ila vidole, na mara nyingine dole gumba la mguu la kushikia mwanzo wa kazi. Anachopata ni ukili, utepe mrefu mwembamba. Ukili hupimwa kwa mwili: mkono ni kutoka kiwikoni hadi nchani mwa kidole, na pima ni kadiri ya mikono minne, upana wa mtu aliyenyosha mikono yake yote miwili. Ukili ukishatimu hushonwa ukingo kwa ukingo, ukizungushwa mpaka ukawa mkeka, au jamvi ikiwa ni wa kazi nzito, au kikapu. Utepe ulio mpana kidogo, wa kuwambia kitanda, ni shupatu. Na kuti la mnazi likisukwa bila kutolewa kwenye uti wake ni kuti la kumba, wala si kuti la viungo, ambalo hushonwa kwenye ufito. Hoteli za Diani zimeezekwa makuti, ila sijui ni wageni wangapi waliolala chini yake wakaambiwa tofauti hiyo.

Hebu hesabu vitenzi nilivyovitumia katika aya hiyo: kukata, kuanika, kuchana, kutia rangi, kusuka, kushona, kuwamba. Kiingereza cha ile orodha kilikuwa na neno moja, nami nikalifuata kama kondoo. Hili ndilo kosa ninalowakemea wanafunzi wangu kila muhula: kutafsiri neno badala ya kutafsiri kitendo.

Vipi kuhusu kuluka? Nilipolisikia, nilifurahi kama aliyeokota pesa katika koti la zamani. Ni neno la Kibantu la kale, nalo limesafiri mbali. Mzulu husema ukuluka, Mchewa wa Malawi husema kuluka, Mshona wa Zimbabwe husema kuruka, wote wakimaanisha kusuka au kufuma. Huku kwetu Kiswahili sanifu kimeliachia kusuka nafasi, na kuluka limebaki kwa wazee. Ndilo jambo linalofanya pwani ya kusini kuwa tajiri kwa mtafiti. Hapo Kiswahili na Kidigo vimekaa ukingo kwa ukingo kama kili mbili za mkeka mmoja, na kati yao kuna Kivumba cha Vanga na Wasini, na Kichifundi cha Funzi na Shimoni. H. E. Lambert alichapisha vitabu vidogo kuhusu lahaja hizo mbili mwaka 1957 na 1958. Tangu hapo tumeandika mengi kuhusu sarufi zake na machache kuhusu maneno ya kazi. Mimi mwenyewe ni mmoja wa wenye hatia. Nilipokuwa kijana nilikwenda huko na kinasa sauti, nikauliza watu kuhusu njeo na viambishi. Walionijibu walikuwa wamekaa juu ya mkeka, wengine wakisuka wakati wakinijibu. Sikuuliza wanafanya nini.

Kejeli ni kwamba neno mkeka lenyewe halijafa. Linastawi! Kwa vijana wa Ukunda na Nairobi, mkeka ni orodha ya mechi mtu alizozibashiri ili apate pesa. Timu moja ikimwangusha, atasema "mkeka umechanika". Tanzania, rais akiteua viongozi wengi kwa mpigo, watu husema "mkeka umetoka". Sina ugomvi na matumizi hayo. Lugha ni hivyo. Nataja tu kwamba kijana anaweza kulia mkeka wake umechanika asijue chane ni nini.

Na sisi wa fasihi tusijifanye. Msamiati wetu mwingi tumeuazima kwa hawahawa akina mama, bila kurudisha. Mpangilio wa matukio katika riwaya tunauita msuko. Vitu vinavyofanya kazi pamoja tunaviita mfumo, kutokana na fuma. Mshairi ni mtunzi, na kutunga kwa asili ni kupitisha kitu katika uzi: mtu hutunga shanga, hutunga maua ya asumini, na mvuvi akipitisha kamba kwenye matamvua ya samaki wake anapata mtungo wa samaki. Shairi likatungwa baadaye. Kwa hivyo mtu akikuambia ushairi ni kazi ya akili na shanga ni kazi ya mikono, mwambie akaulize kitenzi.

Nikisema shanga ndipo ninapofika kwenye lile kosa la pili.

Katikati ya meza ile palikuwa na mkufu mpana wa shanga, wenye nyuzi tisa. Kila uzi ulitungwa na mama mmoja nyumbani kwake, kwa rangi alizozichagua, kisha wakakutana wakaziunganisha kwa kibanio kimoja. Nilipomwuliza bi mkubwa ulivyotengenezwa, alinijibu kwa neno moja: "Tulitungiana." Litazame neno hilo. Tu- ni sisi. -li- ni wakati. Tunga ni kitendo. -i- ni kile kiambishi cha kutendea, kwamba kitendo kimefanywa kwa ajili ya mwingine. -an- ni cha kutendana, kwamba sisi sote tumefanyiana. Nilitumia mihula mingi kuwafundisha wanafunzi minyambuliko hiyo kwa mifano ya "pigiana" na "andikiana". Hapo palikuwa na mfano uliotungwa kwa shanga, na lebo yangu ikasema: msanii, jina moja.

Pengine mtu ataniambia hilo ni jambo dogo. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipoelezwa kisa cha maonyesho mengine ya awali, mahali pengine. Huko pia liliandikwa jina moja, la yule aliyepeleka vikapu kwa sababu nauli ilitosha mtu mmoja. Baada ya wiki kadhaa mnunuzi aliyevipenda akampigia simu mwenye jina, akaagiza vingine vingi. Mwenye jina hakuwa mwizi. Aliulizwa, "Wewe ndiye uliyetengeneza?" akajibu ndiyo, maana kweli alishona. Lakini aliyechana, aliyetia rangi na waliosuka walisikia habari za oda sokoni, na chama kilikaribia kuvunjika. Tangu siku hiyo bi mkubwa huomba asomewe kila karatasi inayobandikwa juu ya kazi yao, ingawa mwenyewe hajui kusoma.

Wenye mifarishi wanaijua shida hii pia. Kule Marekani, mifarishi ya wanawake weusi wa Gee's Bend, Alabama, iliposafirishwa hadi makumbusho makubwa mwaka 2002, kila mfarishi ulitundikwa pamoja na jina la aliyeushona, na watu wakajifunza majina hayo kama ya wachoraji. Hilo ni jema. Ila desturi ya kumtafuta msanii mmoja inafaa pale kazi ilipokuwa ya mmoja.

Kiswahili hakina shida na wingi. Kitenzi cha kutendwa hufuatwa na "na", na "na" haichoki kubeba majina. Malighafi hufuata "kwa". Tuliketi hapohapo, mjukuu akatafuta karatasi ya manila na kalamu nene, tukaandika upya: kikapu hiki kimesukwa kwa miyaa ya mkoma, kimechanwa na fulani, kikatiwa rangi na fulani, kikasukwa na fulani na fulani, kikashonwa na fulani. Kisarufi mtu anaweza kunikosoa kwamba kilichochanwa ni miyaa, si kikapu. Nilisema hivyo. Bi mkubwa akaniambia kikapu ni miyaa. Nikaandika alivyotaka.

Kwa mkufu tuliandika majina tisa, moja chini ya jingine, kwa mpangilio wa nyuzi kutoka shingoni. Karatasi ikawa kubwa kuliko mkufu. Mwandalizi mmoja akaja kulalamika kwamba haifanani na lebo nyingine, akaambiwa azungumze na profesa.

Limenibakia swali moja. Msukaji tunaye, mshonaji na mtunzi pia, hata msusi yupo, ijapokuwa yeye tumempeleka kwenye nywele. Lakini yule mwenye kazi ya kuchana miyaa, ambaye mikono yake hukatika zaidi ya ya wote, anaitwaje? "Mchanaji" nimelibuni mimi, na kule mezani walilicheka. Wasomaji wa Vanga, Wasini, Funzi, Gazi na kwingineko, kama nyanya zenu wana neno lao, niandikieni kupitia kwa mhariri.