Kabla ya kukata tiketi ya likizo, hesabu miezi ya pasipoti

MWEZI Machi mwaka 2017, baba yangu mdogo, mkulima wa korosho wilayani Masasi, alifunga safari aliyokuwa akiizungumza kwa miaka mingi. Msimu wa 2016/17 bei ya korosho mnadani ilikuwa nzuri kuliko wengi walivyozoea, malipo ya stakabadhi ghalani yalikuwa yameshaingia benki, na kijana wake alikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja Kuala Lumpur, Malaysia.

“Mwaka huu sinunui bati wala pikipiki,” aliniambia kwa simu. “Mimi na mama yako mdogo tunakwenda kupumzika, na mtoto tukamwone anaishije.”

Kwa mkulima wa kusini, likizo si neno la kila siku. Ukitoka kwenye palizi unaingia kwenye kupulizia salfa, ukitoka hapo unaokota, kisha unapanga foleni chama cha msingi. Alipowaaga wenzake msikitini kwamba anakwenda kutembea tu, wapo waliocheka wakidhani anaficha biashara.

Walifika Dar es Salaam kwa basi, wakalala kwangu usiku mmoja, na kesho yake nikawasindikiza Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere. Binti wa kaunta alifungua pasipoti ya mama mdogo, iliyotolewa mwaka 2015, akaona iko sawa. Akafungua ya baba mdogo, akatazama kompyuta, akaifunga, akaenda kumwita mkubwa wake.

Pasipoti ile aliichukua Julai 2007 alipokuwa akijiandaa kwenda Hija. Mwisho wake ulikuwa tarehe 24 Julai 2017.

“Mzee, hii haina miezi sita,” yule mkubwa alimwambia.

“Mwanangu, sisi tunarudi baada ya siku kumi na nane. Hii inakufa Julai. Miezi sita ya nini tena?”

Kwa hesabu ya kawaida alikuwa na haki kabisa. Kwa hesabu ya wasafiri hakuwa nayo. Yule mkubwa, kwa upole, akaeleza kuwa mama anaweza kwenda, pasipoti yake haina tatizo. Mama mdogo, ambaye hajapata kupanda ndege maishani mwake, alicheka kicheko ambacho sijakisahau. “Nikamsalimie mtoto, baba yake nimemwacha mlangoni?” Tukarudi na teksi ileile, na mfuko wa korosho za kubangua ambao ulikuwa uende Malaysia ukaliwa Mbagala.

Sasa nikiri jambo moja. Mimi ndiye niliyeikagua pasipoti ile usiku wa kuamkia safari. Mimi mwenye shahada ya uchumi wa kilimo, ninayewafundisha wakulima kusoma tarehe kwenye mifuko ya mbegu na chupa za dawa, nilisoma “24 Julai”, nikasema bado iko hai, nikaenda kulala. Na wakala aliyetukatia tiketi hakuuliza chochote zaidi ya majina na namba.

Tiketi zilikuwa za bei ya punguzo, zile ambazo usiposafiri hurudishiwi karibu kitu. Nilipojumlisha tiketi, hoteli iliyokuwa imelipiwa siku za mwanzo na nauli za basi kwenda na kurudi, hasara ilikuwa kama shilingi milioni 3 na laki 2. Nikalinganisha, maana ndiyo kazi yangu: fedha hiyo ingelipa palizi ya shamba lake lote mwaka ule na kubaki ya kupulizia.

Je, msomaji, huu utaratibu wa miezi sita unatoka wapi, ikiwa serikali iliyokupa pasipoti imeandika yenyewe tarehe ya mwisho?

Nchi inayokupokea haitazami siku ulizopanga wewe. Inatazama siku ambazo huenda ukakaa bila kupanga. Mgeni anaweza kulazwa hospitali, anaweza kupoteza ndege, anaweza kuamua kutorudi. Akiwa na pasipoti iliyokwisha muda, kumrudisha kwao kunahitaji ubalozi wa nchi yake ukubali kumpa hati nyingine, na jambo hilo huweza kuchukua wiki au miezi. Miezi ya ziada ni akiba ya tahadhari, kama gunia la mahindi usilouza hata bei ikipanda, kwa sababu hujui mvua zijazo.

Wengi pia hawajui ni nani hasa anayeisimamia kanuni hiyo. Wa kwanza si ofisa wa uhamiaji wa kule uendako, bali ni shirika la ndege hapa hapa nyumbani. Likimpeleka abiria akakataliwa, mzigo wa kumrudisha ni wake, na nchi nyingi zinalitoza faini juu yake. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, kwa agizo lake la mwaka 2001 unazitaka nchi wanachama kuweka faini kwa shirika linalobeba abiria asiye na hati zinazotakiwa. Kwa hiyo binti wa kaunta anapoangalia kompyuta, mara nyingi anasoma Timatic, kumbukumbu ya masharti ya nchi zote inayoendeshwa na IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani. Kilichoandikwa humo ndicho kinachokupandisha au kukubakiza. Kumlilia hakusaidii, hana anachoweza kubadili.

Sisi Watanzania tuna mtego mwingine hapa. Ukienda nchi inayotaka viza, ubalozi au wakala wa viza ataishika pasipoti yako wiki kadhaa kabla ya safari. Kama ina upungufu, utaambiwa mapema, wakati tiketi bado haijalipiwa. Lakini nchi zisizotutaka viza kwa ziara fupi, kama Malaysia, Singapore na Afrika Kusini, hakuna anayeitazama pasipoti yako mpaka siku ya safari. Urahisi huo ndio uliotuponza. Tungekuwa tunakwenda mahali penye masharti makali, baba mdogo angegundua Januari.

Tena masharti hayafanani. Malaysia na Singapore zinataka pasipoti iwe na miezi sita unapoingia. Falme za Kiarabu, wanakokwenda wafanyabiashara wetu wa Kariakoo, nazo zinataka sita. Kwa viza ya China ni sita, kwa wale wa Guangzhou. India inataka sita na kurasa mbili tupu za kugonga mihuri, na hili liwahusu wanaopeleka wagonjwa wao huko, maana familia ikiwa kwenye dharura haikumbuki kalenda. Saudi Arabia kwa Umra ni sita vilevile.

Nchi za Schengen zina hesabu yao. Wanataka miezi mitatu, lakini inahesabiwa kuanzia siku unayopanga kuondoka kwao, siyo siku ya kuingia. Ukipanga kuondoka Ujerumani tarehe 20 Agosti, pasipoti iwe hai angalau hadi 20 Novemba. Iwe na kurasa mbili tupu, na iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita. Afrika Kusini wao wanaridhika na siku 30 baada ya tarehe ya kuondoka. Uingereza hutaka iwe hai kwa muda wote wa kukaa.

Sharti hilo la miaka kumi halitusumbui sisi, kwa kuwa pasipoti zetu ni za miaka kumi kamili. Limewasumbua sana Waingereza. Kwao ilikuwa desturi ukiomba mpya mapema unaongezewa miezi iliyobaki kwenye ya zamani, hadi tisa, hivyo mtu alikuwa na pasipoti ya miaka kumi na miezi tisa. Utaratibu huo ulikoma Septemba 2018, lakini vitabu vilivyokwishatolewa vilibaki mifukoni. Tangu Januari 2021, walipoanza kuhesabiwa kama wageni katika Umoja wa Ulaya, ile miezi ya nyongeza ikawa haiwasaidii, na familia zilizokuwa zikienda mapumziko Hispania zikazuiwa uwanjani kwao, watoto wakiwa wameshavaa kofia za jua. Sikufurahia habari hizo, ila niliona kumbe ujinga wangu haukuwa wa Masasi peke yake.

Na sisi tunawadai wageni hivyohivyo. Tanzania inamtaka mtalii awe na pasipoti yenye angalau miezi sita. Anayezuiwa kwao akiwa njiani kuja Zanzibar ameshalipia hoteli, lakini yule mkulima wa karafuu na vanila anayetembeza wageni shambani kwake amepoteza mgeni wa siku hiyo bila kujua kwa nini.

Sasa tupige hesabu ya shilingi, maana wengi wanaona kubadili pasipoti kabla haijaisha ni kutupa fedha.

Pasipoti ya kawaida ya kielektroniki inalipiwa shilingi 150,000 na inadumu miaka kumi. Ni shilingi 15,000 kwa mwaka. Ukiibadili ikiwa na miezi sita mbele, umeacha matumizi ya shilingi 7,500. Ukiwa mwoga zaidi, ukabadili ikiwa na miezi tisa, umeacha 11,250. Weka kiasi hicho upande mmoja wa mizani, na upande wa pili weka milioni 3 na laki 2 za baba mdogo. Hata kama uwezekano wa kukwama ungekuwa mmoja kati ya mia, hasara unayoitegemea ni shilingi 32,000, bado ni zaidi ya mara mbili ya gharama ya kuwahi. Hakuna mbolea ninayoijua inayolipa hivyo.

Kwa maana nyingine, pasipoti ya miaka kumi ni ya miaka tisa na nusu. Miezi sita ya mwisho ni ya kuhifadhi kabatini.

Nayasema haya sasa kwa sababu kuna kundi kubwa la Watanzania linaloukaribia mwaka huo. Pasipoti za kielektroniki zilizinduliwa na Rais John Magufuli jijini Dar es Salaam tarehe 31 Januari 2018, na zile za zamani zikapewa mwisho wa kutumika Januari 2020. Waliowahi mwaka 2018, zao zinafika mwisho mwaka 2028. Lakini kwa safari ya Dubai au Kuala Lumpur, mwisho wao halisi unaanza kuingia katikati ya mwaka 2027. Na kwa kuwa watu wengi walibadili kwa pamoja kuelekea ukomo ule wa Januari 2020, nategemea foleni nene kwenye ofisi za Uhamiaji kadiri mwaka 2029 unavyokaribia. Mchumi yeyote angekushauri usiuze mazao yako siku ambayo kijiji kizima kinauza.

Anayeishi wilayani aongeze na muda wa nyaraka. Kutoka Masasi hadi Mtwara mjini ni kilomita kama 200, na safari moja mara nyingi haitoshi. Kinachokwamisha wakulima wengi si ada bali majina. Kitambulisho cha taifa kinasema Mohamedi, cheti cha kuzaliwa kinasema Muhammad, na pasipoti ya zamani imeacha jina la babu. Tofauti ya herufi mbili inaweza kukurudisha kwa mwanasheria kuapa. Hilo lishughulikie wakati huna safari.

Jingine dogo: ukipata pasipoti mpya na ile ya zamani ina viza ya Marekani ambayo haijaisha, usiitupe ya zamani. Viza hiyo inaendelea kutumika, ili mradi haijaharibika, ukibeba vitabu vyote viwili. Na cheti cha manjano nacho, kwa waliozoea kukihesabia miaka kumi, tangu Julai 2016 chanjo moja inatambuliwa kwa maisha yote.

Baba mdogo alipata pasipoti nyingine mwaka uleule wa 2017, na Februari 2018, baada ya mauzo ya msimu uliofuata, wakaenda. Alirudi akisimulia michikichi tu, jinsi mashamba yalivyopangwa mistari hadi macho yanachoka, akaniuliza kwa nini Kigoma, wenye zao hilo tangu enzi za mababu, hatujafika hapo. Hilo lina makala yake.

Kitabu kile kipya kilimtumikia chini ya miaka mitatu, kwa sababu ya ukomo wa 2020, akalazimika kubadili tena Oktoba 2019. Alilalamika sana. Safari hii lakini hakuniletea mimi niikague. Mtunzaji sasa ni mama mdogo. Pasipoti zote mbili zipo kwenye sanduku la bati chumbani, na ndani ya kifuniko ameandika kwa kalamu ya kuwekea alama magunia: “Ya baba, mwisho kuruka Aprili 2029.”